Nyama Isiyo na Mfupa

Kalemie, nyumba ndogo ya uani
Jumapili, tarehe 7 Julai 2024

Kwako mkwe wangu Néhémie,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini umeshinda salama huko nyumba kubwa. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kidogo kwa sababu ya treni ya kutoka Kongolo, na macho yanawasha kwa sababu yako.

Usishangae kukuta karatasi chini ya sahani. Unajua kwamba kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani, mpaka wazee waketi na kuondoa haya kati yao, na wazee wetu hawajaketi. Gracia angekuwepo angetupelekea maneno huku na huku. Lakini nimekuja kumtembelea mwanangu nikakuta hayupo. Nimekukuta wewe na babula lako, hilo jiko la makala.

Sasa tuseme habari za hilo babula. Leo mchana umelitoa, ukaliweka katikati ya ua mbele ya mlango wangu, ukavua shati ukabaki na singileti, ukachoma bifteki mpaka jua likaelekea kuzama. Mimi nifanyeje? Nikitoka, naona mabega ya mkwe. Nikikaa ndani, moshi unanifuata. Choo kiko upande wa pili wa parseli, ng'ambo ya ua, Néhémie. Nimekaa ndani nikisali rozari, na nia ya sala yangu sitakuambia.

Nina maswali ya mama. Tangu lini mwanaume wa Kalemie, mji wa samaki, anajichomea nyama ya ng'ombe kila Jumapili kama bwana harusi? Mama Ornella, jirani yako, ameniambia kwamba ulianza mara tu mkeo alipopanda boti kwenda Kigoma. Sherehe gani hiyo inayoanza mwenye nyumba akitoka? Na Gracia anarudi lini?

Nashukuru kwa kipande ulichoniwekea dirishani. Kilikuwa kimekauka, lakini nimekila. Nimeona hakina mfupa. Labda mchinjaji alikosea.

Ni mimi mkwe wako,
Mama wa Gracia


Nyumba kubwa
Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024

Mama Mkwe, mheshimiwa,

Mmeamkaje? Asubuhi nimesikia mnakohoa, nikajilaumu kwa ule moshi. Mimi sijambo. Kazi ya bandarini inaendelea, upepo wa kiangazi tu ndio unatujaza vumbi machoni.

Naomba msamaha kwa ile singileti. Kwetu kaskazini, upande wa mji wa Baraka, tunawaheshimu wakwe lakini hatuwakimbii, na mazoea yana tabu. Nimehamishia babula nyuma ya mpapai. Nikichoma tena nitavaa shati la mikono mirefu, hata joto likiniua. Mkitaka kutoka, gongeni kopo, nami nitageukia ukuta mpaka mrudi ndani.

Mmeuliza kwa nini nachoma. Mama, sufuria siijui. Nikisonga bukari, juu linakuwa uji na chini jiwe. Lakini moto wa makala naujua, kwa sababu kabla ya kuoa nilifanya kazi jikoni katika nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, na wageni wale hawakutaka kitu kingine ila bifteki. Kwangu kuchoma ndiyo kupika.

Gracia yuko Kigoma kwa ajili ya vitenge. Bei ikishuka atarudi. Anawasalimu sana.

Mchinjaji hakukosea. Nilimwambia mwenyewe aondoe mfupa wote. Nawaheshimu, sikutaka meno yenu yapate shida.

Mkwe wenu,
Néhémie


Nyumba ndogo ya uani
Jumapili, tarehe 14 Julai 2024

Mkwe wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, na meno yangu pia ni mazima, isipokuwa moja la nyuma lililong'olewa na masista nikiwa msichana. Nawe uwe mzima.

Unaniandikia "ninyi" kana kwamba tuko kumi humu ndani. Ni adabu nzuri, nimeiona. Shati nimeliona pia, na nilipogonga kopo uligeukia ukuta vizuri kama askari. Lakini anayegeukia ukuta hamwoni anayemtazama, na mimi pazia langu lina tundu.

Umechoma vipande vitatu. Kimoja umekila umesimama, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kimoja umeniletea. Cha tatu, kikubwa kuliko vyote, umekiacha motoni mpaka kikakauka kabisa, ukakifunga kwa ile karatasi inayong'aa, kisha ukakizungushia kitenge cha Gracia, kile cha kijani chenye ndege. Baadaye ukanyoa ndevu. Ukaoga. Marashi yamefika mpaka huku. Umepanda pikipiki ukashuka upande wa bandari, na umerudi mikono mitupu ukipiga mluzi nyimbo za kanisa lenu la kupiga makofi. Pafukapo moshi pana moto, nami moshi wako naunusa. Kipande cha tatu anakula nani?

Jana nilimpigia Gracia. Akaniambia: "Mama, bei ya vitenge haijashuka, njo maana niko nangoja." Nikamuuliza yuko wapi saa hiyo. "Niko soko, Mama." Soko gani lisilo na kelele, hata ya mtoto? Mimi ndiye niliyemzaa. Sauti yake akiwa amesimama naijua, na sauti yake akiwa amelala naijua. Alikuwa amelala, Néhémie, wakati soko limejaa watu. Mfanyabiashara halali saa hiyo. Anayelala saa hiyo ni mtu mwenye huzuni. Umemfanya nini mwanangu?

Kipande cha leo nacho hakina mfupa. Sikukila.

Ni mimi mkwe wako,
Mama wa Gracia


Nyumba kubwa
Jumanne, tarehe 16 Julai 2024

Mama Mkwe,

Nawasalimu. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi nimeamka salama, lakini moyo hauko salama.

Kipande ambacho hamkukila nimekiona. Kilikuwa mdomoni mwa mbwa wa Mama Ornella. Sitawaficha, nimeumia. Mnafikiri nimetia kitu ndani ya nyama? Kama ndivyo, mbwa yuko hai, leo amekuja kuomba kingine.

Mama Ornella ameniambia pia kwamba mnamuuliza nani anaingia hapa na nani anatoka. Sasa mimi nami nimeanza kujiuliza. Mlikuja bila kupiga simu. Kaka yenu, Papa Hippolyte, amenipigia mwezi huu akinizungusha na maneno ya mahari na ya ukoo, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mama, mmekuja kutembea au mmetumwa? Kama kuna mwanaume mwingine anayemtaka mke wangu huko Kongolo, niambieni.

Kipande cha tatu ni cha mtu ninayempenda na kumheshimu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nimeapa. Naomba mniamini kwa muda mfupi tu.

Jumapili ijayo nitawachomea kipande kizuri kuliko vyote, kinono, laini, bila mfupa hata chembe. Nawaombeni mkile.

Mkwe wenu,
Néhémie


Nyumba ndogo ya uani
Jumapili, tarehe 21 Julai 2024

Néhémie,

Leo salamu zangu ni fupi. Niko hai.

Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: mtu ninayempenda. Nimeisoma barua ile mpaka imelegea kwenye mikunjo, nikitafuta jina la mwanangu karibu na neno hilo. Halipo.

Sasa sikiliza, usije ukasema hukuambiwa. Katika nyumba niliyozaliwa, kando ya mto Lualaba, nyama inayopelekwa kwa wakwe lazima iwe na mfupa. Mfupa ndio undugu, kwa sababu nyama inakwisha na mfupa unabaki. Mwanaume aliyemchoka binti wa watu hapigi kelele wala haendi kwa chifu. Anawapelekea wazazi wake nyama tupu. Wazazi wanaelewa kwamba undugu umekwisha, waje wamchukue mtoto wao. Mdogo wa mama yangu alirudishwa hivyo. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka bibi yangu akigeuzageuza sahani.

Wewe umeniletea Jumapili hadi Jumapili. Mara ya kwanza nilisema ni mchinjaji. Kisha ukaniandikia kwamba uliagiza mwenyewe. Mara ya pili nikampa mbwa. Leo umeniletea kipande kipana kama kiganja cha mtu mzima, nami nimekigeuza kwa uma nikitafuta hata gegedu. Sikupata. Nimelia, na sioni haya kukuambia kwamba nimelia.

Sikutumwa na mtu, wala hakuna mwanaume Kongolo. Ni mimi niliyemwambia kaka yangu kwamba simu za Gracia zimebadilika, ndiyo maana akakupigia. Lakini sasa nimempigia tena nikamwambia yote. Treni ikipatikana wiki hii, Hippolyte atakuja na ndugu zake. Watakuuliza mbele ya majirani umemweka wapi mtoto wetu, na nani anakula kipande cha tatu. Kutoka hapo tutavuka wote kwenda Kigoma kumchukua. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mama wa Gracia


Nyumba kubwa
Jumatatu, tarehe 22 Julai 2024

Mama,

Nawasalimu kwa heshima yote. Barua yenu nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye saruji.

Kwanza mfupa. Sikujua. Naapa mbele ya Mungu kwamba sikujua. Kwetu nyama yenye mifupa anapewa mtu wa nyumbani, na mgeni wa heshima anachaguliwa nyama tupu. Kila Jumapili nilikuwa nawaheshimu, na ninyi mlikuwa mnasoma talaka.

La pili ni zito zaidi. Nilimwapia mke wangu, na leo navunja kiapo. Wajomba wakifika hapa na kelele, habari itavuka ziwa kabla yao, na daktari amesema Gracia asishtuliwe na jambo lolote.

Hauzi vitenge, Mama. Amelazwa hospitalini Kigoma tangu mwezi wa sita. Ana mimba. Mnajua zile mbili za kwanza zilivyokwisha. Hii imefika mbali kuliko zote mbili, lakini haijakaa vizuri, na haruhusiwi kusimama ila kwenda msalani. Mlisikia sawa: alikuwa amelala.

Damu yake ni kidogo, wanataka ale. Na samaki hawezi hata kusikia harufu yake, yeye ambaye alikuwa akigombana na dada zangu kwa kichwa cha mukebuka. Nyama ya Kigoma ameijaribu akairudisha. Anataka ile ninayochoma mimi. Kwa hiyo kila Jumapili nachoma. Naikausha ili usiku wa ziwani usiiharibu. Mfupa naukataza kwa sababu nyama inaanza kuoza pale ilipoushika. Naifunga kwenye kitenge chake, nampelekea Destin, nahodha wa boti la mizigo, anavuka nayo jioni. Dada yangu mkubwa, anayemlinda, anaipokea asubuhi. Nanyoa na kuoga kwa sababu Destin hunipiga picha nikimkabidhi kifurushi, na Gracia anapenda kuniona nimependeza. Kipande chenu kilitoka kwenye nyama ile ile. Hakuna mtu mwingine, Mama.

Mtauliza kwa nini ninyi mlifichwa. Tangu mwanzo nilimwambia, tumwambie Mama. Alikataa. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikaongeza wala kupunguza. Alisema: "Mama ananipenda na sauti kubwa. Mara ile ingine alitangaza mu kwaya, mutoto akapewa na jina. Kisha mimi njo nilirudia kanisani na tumbo tupu, bantu bote bananiangalia. Sitaki tena. Mama atajua siku mutoto atalia."

Nisameheni. Sijui ni nani kati yenu wawili nimemkosea zaidi.

Mkwe wenu,
Néhémie


Nyumba kubwa
Jumapili, tarehe 28 Julai 2024

Mama,

Salamu. Sina la kusema juu ya hali yangu, nataka kujua ya kwenu.

Tangu barua yangu sijapata jibu. Mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Nasikia mnakohoa, ndiyo sababu sijauvunja mlango. Mama Ornella anasema mnapokea uji wake na kurudisha bakuli bila neno, naye anaogopa, kwa sababu hajawahi kuwaona mkinyamaza. Papa Hippolyte hajafika, na simu yake imekuwa kimya. Sijui kama ni treni au ni ninyi. Ijumaa asubuhi nikienda kazini niliona begi lenu getini. Jioni halikuwepo, na mwanga ulikuwa unawaka kwenu.

Gracia hajui kwamba nimesema. Leo amenipigia akauliza: "Mama yuko namna gani? Anakula?" Nilisema mnakula. Kisha akasema nisiwachomee nyama ngumu.

Leo nimewawekea mbavu, mifupa mingi kuliko nyama. Niandikieni, hata kama ni neno moja la hasira.

Mkwe wenu,
Néhémie


Nyumba ndogo ya uani
Jumatatu, tarehe 29 Julai 2024

Kwako mkwe wangu Néhémie,

Salamu nyingi. Mwili wangu ni mzima. Mbavu nimezila, zilikuwa na chumvi nyingi.

Nilikasirika, na si kwa ajili yako. Nilitaka kubisha. Nilikuwa na majibu tayari, mazuri, mama gani anafichwa tumbo la mtoto wake, na kadhalika. Wiki zote hizi nimemshuku mchinjaji, nimekushuku wewe, nimemshuku mwanamke wa bandarini ambaye hata hakuzaliwa. Kumbe anayeshukiwa katika parseli hii ni mimi. Inauma, Néhémie. Sijui neno jingine.

Ijumaa nilifunga begi. Nilijiambia Kigoma ni usiku mmoja tu. Nitaingia wodini, nitamwosha miguu, nitamsuka nywele, atalia kidogo na mimi nitalia, yatakwisha. Nikatoka mpaka getini, nikasimamisha pikipiki. Yule kijana akaniuliza: "Mama, tunaenda wapi?" Nikafungua mdomo kumwambia kwamba naenda bandarini, navuka kumwona binti yangu, ana mimba, tumwombee. Mtu wa pikipiki. Jina lake silijui. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

Nikafunga mdomo. Nikamwambia anisamehe, nimebadili safari. Nikarudisha begi ndani, nikakaa kitandani mpaka giza. Kukaa na jambo moyoni ni kazi, mkwe wangu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kazi hiyo, na katika uzee huu naianza.

Hippolyte nimemwambia kwamba nilisikia vibaya, kwamba hakuna shida, biashara tu inachelewa. Ameniita mwanamke mwenye pamba masikioni. Nimemwacha aseme.

Nitapanda treni ya kwanza itakayopatikana. Wewe usimwambie Gracia kwamba najua. Mwambie Mama alikuja, alikula, alilalamika moshi, akaenda. Yote hayo ni kweli, hutatenda dhambi. Mchinjaji akiwa na maini, ongeza maini, yanaleta damu. Sema umefikiri mwenyewe. Na huko kwetu kanisani wakiniuliza habari za Kalemie, nitawaambia kuna vumbi.

Siku mtoto atakapolia, Gracia atanipigia mwenyewe. Nitamwacha aseme mpaka amalize. Nitashangaa. Nitauliza ilikuwaje, nitanung'unika kidogo kwamba mlinificha, asije akashuku kitu. Kigelegele nitapiga kimoja, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Na kama siku hiyo haitafika, usinipigie simu. Mlete tu Kongolo apumzike. Nitampokea kama mtu aliyechoka na safari, nitamtandikia, nitampikia, na sitamuuliza.

Ni mimi mkwe wako,
nisiyejua lolote